Vitabu kwa Vijana Wanaosomea Kompyuta

Kila mwaka vijana wetu wanaingia Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi hapa Nyeri, ama vile vya Meru na Chuka, kusomea sayansi ya kompyuta. Karo ikishalipwa, vitabu navyo vinahitajika. Mzazi anayetegemea kahawa au bonasi ya majani chai anajiuliza: nitauza nini tena? Tunawashauri, msikimbilie dukani.

Kwanza, vitabu hivi ni vya aina mbili. Kuna vinavyofundisha kutumia programu fulani. Hivyo vinazeeka haraka: kitabu cha Windows 95 leo ni cha kuwashia moto tu. Kuna na vile vinavyofundisha misingi, yaani jinsi ya kuipa kompyuta maagizo na kutatua tatizo hatua kwa hatua. Hivyo vinadumu. The C Programming Language, cha Kernighan na Ritchie, kilitoka mwaka wa 1978, kikarekebishwa 1988. Hakifiki kurasa 300. Na hadi leo kiini cha Linux, kilichomo hata ndani ya simu za Android, kimeandikwa sehemu kubwa kwa lugha hiyo ya C.

Pili, vingine ni vya bure, na kuvichukua si wizi. Anayeanza asome Think Python cha Allen Downey. Akizoea, ajaribu Structure and Interpretation of Computer Programs, kilichotoka 1985. Ni kigumu, lakini kinafungua akili. Kuhusu kupanga na kutafuta data, kuna Open Data Structures cha Pat Morin. Wenyewe wameruhusu visomwe bure kwenye intaneti. Kile kinene, Introduction to Algorithms, chapa ya 2022, kina kurasa zaidi ya 1,300. Hicho kiazimwe maktaba, ama wanafunzi wanne wachange.

Tatu, kompyuta haisomwi kama gazeti. Mwanafunzi ashike kalamu, afanye mazoezi ya kila sura mwenyewe, bila kunakili jibu la rafiki wala la mashine. Stima ikipotea, karatasi bado ipo.

Nawe mzazi, hata kama hujui kompyuta, muulize: "Leo umefanya zoezi gani?" Akikueleza kwa Kiswahili ama Kikuyu ukashika, basi ameelewa. Kitabu kimoja kilichomalizwa na mazoezi yake ni heri kuliko kumi vya kupamba rafu.