Akiba ya Mwili: Kwa Nini Wazee wa Umri Mmoja Hawana Nguvu Sawa

Wazee wawili wa kijiji kimoja, wote wenye umri wa miaka 75, huenda wakashikwa na homa katika wiki moja. Wa kwanza hulala siku tatu, hunywa dawa, na siku ya nne huonekana tena akipalilia migomba yake. Wa pili naye hupona homa, lakini nguvu zake hazimrudii. Miguu humtetemeka na chakula hakimpendezi. Baada ya mwezi mmoja huanguka akielekea msalani, mfupa wa nyonga huvunjika, na tangu siku hiyo haendi popote bila ya kushikwa mkono. Majirani husema, "Ni uzee tu." Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa yule mwenzake naye ni mzee vile vile.

Tofauti iliyopo baina ya wazee hao wawili ndiyo inayochunguzwa na wataalamu wa afya ya wazee chini ya jina la udhaifu wa uzeeni. Udhaifu huu si ugonjwa mmoja, wala si idadi ya miaka. Ni hali ambamo akiba ya viungo vingi vya mwili imepungua kwa pamoja, hata jambo dogo kama vile homa, dawa mpya au kujikwaa likatosha kumwangusha mtu asiinuke tena. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba hali hii huweza kupimwa, huweza kucheleweshwa, na kwa wazee wengi huweza kupunguzwa.

AKIBA NI NINI?

Mwili wa kijana umeumbwa na uwezo unaozidi mahitaji ya kila siku. Binadamu huzaliwa na figo mbili, hali moja yatosha kumweka hai. Moyo wa kijana aliyepumzika hupiga yapata mara 70 kwa dakika, nao huweza kukaribia mara 200 akimbiapo. Mtu afikapo umri wa miaka 70, kikomo hicho hushuka hadi karibu mara 150. Akiketi, hana tofauti na kijana. Tofauti hudhihirika siku mwili unapodaiwa kazi ya ziada.

Misuli nayo ni hivyo hivyo. Kijana anapoinuka kitini hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu za mapaja yake. Mzee aliyedhoofika hutumia karibu nguvu zote alizo nazo. Kwa hiyo wote wawili wakipoteza kiasi kile kile cha nguvu kwa sababu ya homa, kijana hatatambua lolote, lakini mzee atashindwa kusimama. Hasara ni moja. Kilichotofautiana ni akiba.

Akiba hiyo hupungua kwa njia nyingi. Kuanzia umri wa makamo misuli husinyaa polepole. Baadhi ya mishipa ya fahamu inayoiamrisha misuli hufa, na nyuzi za misuli zilizopoteza mishipa yake hunyauka. Nyuzi za kasi, yaani zile zinazomwezesha mtu kujishika upesi anapojikwaa, ndizo zinazoathirika zaidi. Homoni zinazojenga misuli hupungua, na mara nyingi mwilini huzuka uvimbe mdogo wa ndani, usioonekana wala kuuma, ambao huimaliza misuli kidogo kidogo. Hatimaye mzunguko mbaya hujengeka: mzee hutembea kidogo, hivyo njaa humpungua, hula kidogo, hivyo misuli husinyaa, misuli ikisinyaa, hutembea kidogo zaidi.

JINSI UDHAIFU UNAVYOPIMWA

Kwa miaka mingi waganga waliutambua udhaifu kwa jicho tu. Mwaka 2001 njia mbili za kuupima zilitangazwa, kila moja kwa fikra yake.

Njia ya kwanza ilitolewa nchini Marekani na Linda Fried na wenzake, waliotumia habari za watu 5,317 wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Walichagua dalili tano: kukonda bila ya kukusudia, yaani kupoteza kilo 4.5 au zaidi katika mwaka mmoja, uchovu usiokwisha, kupungua kwa nguvu za kushika kwa kiganja, kutembea polepole, na kupungua kwa shughuli za mwili. Mwenye dalili tatu au zaidi alihesabiwa kuwa dhaifu. Mwenye moja au mbili alihesabiwa kuwa yuko njiani. Baada ya miaka saba, waliofariki miongoni mwa wale walioanza wakiwa dhaifu walikuwa asilimia 43, na miongoni mwa wale wasiokuwa na dalili yoyote walikuwa asilimia 12.

Njia ya pili ilitoka Kanada, kwa Arnold Mitnitski, Kenneth Rockwood na wenzao. Hao walishikilia fikra ambayo Mswahili ameijua siku zote, kwamba haba na haba hujaza kibaba. Huorodheshwa kasoro nyingi za afya, kubwa na ndogo: kutosikia vizuri, kisukari, kusahau, kushindwa kujifunga vifungo. Kisha huhesabiwa ni ngapi mtu anazo. Mzee aliyechunguzwa mambo 40 akaonekana na kasoro 10 ana kipimo cha 10 kugawa kwa 40, yaani 0.25. Ni nadra kumwona mtu hai ambaye kipimo chake kimepita 0.7, kwani mwili uliofikia hapo hauna tena akiba ya kutumia.

MAMBO YANAYOONGEZA HATARI

Umri ni jambo la kwanza, na hilo halina dawa. Wanawake huishi miaka mingi kuliko wanaume, lakini udhaifu huonekana zaidi kwao. Sababu mojawapo ni kwamba huuanza uzee wakiwa na misuli michache zaidi. Lakini mambo mengi yaliyosalia hayakuandikwa katika kalenda. Maradhi ya muda mrefu, kama vile kisukari, maradhi ya moyo, ya mapafu na ya viungo, huongeza hatari. Uvutaji wa sigara huongeza hatari. Hali kadhalika huzuni ya kudumu, upweke, na kutumia dawa za aina nyingi kwa wakati mmoja bila ya mganga kuzipitia upya.

Chakula kina nafasi ya pekee. Wataalamu hupendekeza kwamba mzee mwenye afya ale gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mzee wa kilo 50 huhitaji, kwa hiyo, gramu 50 hadi 60. Yai moja lina yapata gramu 6. Mzee aliyepoteza meno, ambaye riziki yake ni chai na uji mtupu, hawezi kukifikia kiasi hicho. Huonekana ameshiba, kumbe misuli yake ina njaa.

Aidha, umaskini na kukosa elimu huambatana na udhaifu karibu kila mahali palipochunguzwa. Aliyekula vibaya utotoni, akabeba mizigo mizito maisha yake yote na kukosa matibabu, huingia uzeeni akiwa na akiba ndogo.

HESHIMA INAYODHURU

Liko jambo moja linalozidisha udhaifu ambalo watu wengi hulifanya kwa nia njema kabisa. Ni kumketisha mzee.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa wazee wenye afya njema waliokubali kulala kitandani kwa siku 10 mfululizo. Chakula hawakukosa, wala hawakuwa wagonjwa. Hata hivyo, katika siku hizo chache walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Ni dhahiri kwamba mgonjwa aliyelazwa, ambaye pia hana hamu ya kula, yumo katika hatari kubwa zaidi.

Desturi njema zinafundisha kwamba kijana amnyang'anye bibi ndoo ya maji na amwambie babu apumzike. Heshima hiyo ni ya haki pale mzigo unapozidi uwezo. Lakini mzee anayenyimwa kila kazi, akaletewa maji, chakula na hata fimbo pale alipoketi, ananyimwa pia mazoezi yaliyokuwa yakiitunza miguu yake.

MISULI YA MZEE HUJIBU

Wapo waliodhani kwamba mtu akishakuwa mkongwe, misuli yake haiwezi kuimarika. Katika mji wa Boston, Maria Fiatarone na wenzake waliijaribu fikra hiyo. Matokeo yao ya mwaka 1994 yalihusu wakazi 100 wa nyumba ya kutunzia wazee, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 87. Baadhi yao walifanya mazoezi ya kusukuma mizigo kwa miguu, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 10. Nguvu za misuli iliyozoezwa ziliongezeka kwa asilimia 113, yaani zaidi ya mara mbili. Mwendo wao ukawa mwepesi zaidi kwa yapata asilimia 12. Waliopewa chakula cha nyongeza pekee, bila ya mazoezi, hawakupata manufaa hayo.

Jambo la ajabu ni kwamba unene wa misuli ya mapaja uliongezeka kidogo mno, chini ya asilimia 3. Nguvu mpya zilitoka wapi basi? Kwa sehemu kubwa zilitokana na mishipa ya fahamu kujifunza upya kuziamrisha nyuzi nyingi za misuli kwa pamoja. Akiba nyingine haikuwa imepotea, ilikuwa imelala.

HALI YA TANZANIA

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humhesabu kuwa mzee mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi. Katika sensa ya mwaka 2012 watu hao walikuwa yapata milioni 2.5, nao wanazidi kuongezeka. Vipimo vilivyotungwa ng'ambo havifai sikuzote kwa mkulima asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa na ambaye hajapimwa uzito mwaka uliopita. Kwa sababu hiyo watafiti wa Tanzania na Uingereza walifanya uchunguzi katika vijiji vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wakatunga kipimo kifupi kinachoweza kutumiwa mahali penye waganga wachache.

Kwa upande wa umaskini, Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa pensheni kila mkazi aliyetimiza miaka 70, awe aliajiriwa au la. Hatua kama hiyo ni ya afya sawa na ilivyo ya fedha, kwani mzee mwenye senti mkononi huweza kununua dagaa.

KAZI YA KUFANYA NYUMBANI

Wanafunzi wanaweza kupima wenyewe, kwa ridhaa ya wazee wao. Zipimwe mita 4 mahali tambarare, mzee atembee mwendo wake wa kawaida, na muda uhesabiwe kwa saa. Akitumia zaidi ya sekunde 5, mwendo wake uko chini ya mita 0.8 kwa sekunde, nayo ni ishara ya kuangaliwa. Pia mzee aombwe kuinuka kitini na kuketi mara tano bila ya kujisaidia kwa mikono. Akipita sekunde 15, nguvu za miguu yake zimepungua. Wakati wote mtu mmoja asimame karibu naye ili asianguke.

Vipimo hivi si hukumu, bali ni sababu ya kumwona mganga na kuanza kutenda mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuinuka kitini mara kadhaa kila asubuhi, kutembea hadi kwa jirani, kula maharage, mayai, maziwa au dagaa waliotwangwa, na kuachiwa kazi anazoziweza: hayo ndiyo matengenezo ya ufa huo. Mgonjwa wa figo au wa moyo apate kwanza shauri la mganga.

Na bibi asemapo kwamba atakwenda kisimani mwenyewe, yafaa mjukuu asimzuie. Ambebee ndoo, kisha waende pamoja.