Je, wajua? Bakteria wa kuku huzivika protini zake sukari

Utumboni mwa kuku mzima wa afya huishi kiumbe mwembamba aliyejisokota, mwenye mkia kwenye ncha zake. Wanasayansi humwita Campylobacter jejuni. Joto la mwili wa kuku, karibu nyuzi 42 za Selsiasi, linamfaa sana, na kwa kawaida hamletei mwenyeji wake madhara makubwa. Kwa binadamu mambo ni tofauti. Akiingia mwilini kupitia nyama isiyoiva vizuri, maziwa mabichi au maji machafu, huleta homa, msokoto wa tumbo na kuhara, wakati mwingine kuhara damu. Mwaka 1981 ilichapishwa Uingereza taarifa ya mtafiti aliyekunywa maziwa aliyotia takriban bakteria 500 tu, akaugua.

Siri kubwa ya bakteria huyu imo katika sukari. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba kuunganisha sukari na protini ni kazi ya viumbe wenye seli changamani, kama mimea, wanyama na binadamu, na kwamba bakteria hawaiwezi. Mwaka 1999 Christine Szymanski, Patricia Guerry na wenzao nchini Marekani walionyesha kwamba Campylobacter ana jeni maalumu za kazi hiyo, naye huzivika sukari protini zake nyingi.

Kazi hiyo hufanyika kwa hatua. Kwanza, upande wa ndani wa utando wa seli, vimeng'enya hutunga sukari saba juu ya molekuli ya mafuta, mithili ya shanga kwenye uzi. Ya kwanza ni basilosamini, sukari ambayo mwili wa binadamu hauitengenezi. Kisha kimeng'enya kingine huupindua mkufu huo hadi upande wa pili wa utando. Hapo hukutana na PglB, kimeng'enya kinachoung'oa wote kwa pamoja na kuupachika kwenye protini. PglB hakipachiki ovyo: hutafuta asidi amino iitwayo asparajini, tena iliyozungukwa na majirani maalumu.

Faida yake ni kubwa. Utumbo umejaa vimeng'enya vya kusaga protini, na sukari hizo huzikinga protini za bakteria zisikatwekatwe. Watafiti walipoziharibu jeni za kazi hii, bakteria walipungukiwa na nguvu ya kunata kwenye seli na kuzipenya, na hata ndani ya kuku wakashindwa kustawi.

Mikia nayo ina sukari zake, zinazobandikwa kwa njia nyingine kabisa. Protini inayojenga mkia hubeba sukari za jamii ya asidi pseudaminiki katika sehemu zipatazo 19. Zikikosekana, mkia haujengeki, na bakteria asiye na mkia hawezi kuogelea kwenye ute wa utumbo. Bila kuogelea, hawezi kuambukiza.

Mwaka 2002 timu ya Markus Aebi huko Zürich, Uswisi, ilichukua jeni za mfumo wa PglB na kuzihamishia ndani ya Escherichia coli, bakteria anayefugwa katika maabara duniani kote. Naye akaanza kuzivika protini sukari. PglB hakichagui sana aina ya mkufu: kikipewa sukari za ngozi ya bakteria mwingine hatari, hupachika hizohizo. Hapo ndipo ulipopatikana mlango wa chanjo. Sukari peke yake huiamsha kinga ya mtoto mchanga kwa shida, lakini ikishikana na protini, mwili huitambua na kuikumbuka. Zamani kuziunganisha kulihitaji hatua nyingi za kikemia. Sasa bakteria wa maabara huweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Chanjo ya aina hii dhidi ya Shigella, anayesababisha kuhara damu, imefanyiwa majaribio nchini Kenya, yakiwemo ya watoto wachanga.

Kwa Campylobacter mwenyewe bado hakuna chanjo iliyoidhinishwa kwa binadamu, huku dawa za jamii ya siprofloksasini zikizidi kushindwa kumuua. Ndiyo maana utafiti wa sukari zake unastahili kupewa uzito, hasa katika nchi ambazo kuku na watoto hushiriki ua mmoja. Chanjo ikisubiriwa, kinga iko jikoni: kuku aive hadi mfupani, maziwa yachemke, na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kushika nyama mbichi.