Mtoto Anapotaka Kuhama Chuo: Kanuni za Wanamichezo Ambazo Wazee Yafaa Wazijue



Miongoni mwa neema ambazo Mwenyezi Mungu amewajaalia vijana wetu katika nchi hii ya Marekani ni vipaji vya michezo. Wapo wakimbiaji, wapo wacheza kandanda, wapo waliojaaliwa urefu wakaingia katika mpira wa kikapu, na wapo mabinti wanaocheza hali wamejisitiri. Kwa familia zetu nyingi, ambazo mishahara ya baba na mama ikishalipa kodi ya nyumba haibakishi cha kulipia ada ya chuo kikuu, kipaji cha mtoto kimekuwa ndio ufunguo wa elimu. Kwa hiyo si ajabu kwamba kijana anapopiga simu kusema anataka kuhama chuo, nyumba nzima huingia wasiwasi. Baba huuliza kama msaada wa masomo utapotea. Mama huuliza nani atamwangalia mwanawe huko aendako. Kijana naye hujibu kwamba siku hizi kila mtu anahama.

Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Kuhama kumekuwa kwepesi kuliko wakati wowote uliopita, lakini ruhusa ya kuhama si ruhusa ya kucheza. Katika makala haya tumekusudia kueleza tofauti ya mambo hayo mawili, kwa kufuata kanuni za mwaka wa masomo 2025–26, ili mzazi akae na mwanawe wakiwa wote wawili wanajua wanachokizungumza.

ILIKUWAJE HAPO ZAMANI

Chama kikubwa kinachosimamia michezo ya vyuo hapa Marekani hujulikana kwa herufi NCAA. Kilianzishwa mwaka 1906, na chini yake vimo vyuo zaidi ya 1,000 na wanamichezo zaidi ya 500,000. Vyuo hivyo vimegawanywa katika madaraja matatu. Daraja la Kwanza ndilo lenye fedha nyingi na macho ya watu. Daraja la Tatu halitoi kabisa msaada wa fedha kwa ajili ya michezo. Hapa tutazungumza zaidi juu ya Daraja la Kwanza.

Kwa miaka mingi mchezaji wa mpira wa kikapu au wa mpira wa Kimarekani aliyehama chuo kimoja cha daraja hilo kwenda kingine alilazimika kukaa mwaka mzima bila kucheza. Alisoma na kufanya mazoezi, lakini siku ya mchezo alikaa kando. Zaidi ya hayo, chuo alichokiacha kiliweza kumzuilia ruhusa ya kuzungumza na vyuo vingine. Wakati huohuo makocha walihama watakavyo, tena kwa mishahara mikubwa zaidi. Watu wengi waliona kuwa hapo hapana insafu.

Mabadiliko yalikuja hatua kwa hatua. Mwezi wa Oktoba 2018 NCAA ilifungua daftari la uhamisho la kompyuta, na tangu hapo mwanafunzi haombi tena idhini. Anatoa taarifa tu. Mwezi wa Aprili 2021 wachezaji wa michezo yote waliruhusiwa kuhama mara moja na kucheza papo hapo. Aliyehama mara ya pili bado alitakiwa aombe msamaha maalumu, na wengi walinyimwa. Ndipo majimbo kadhaa, Ohio likiwa mbele, yakaishitaki NCAA katika mahakama ya shirikisho huko West Virginia. Mwezi wa Disemba 2023 jaji alisimamisha kanuni hiyo. Mwezi wa Aprili 2024 NCAA yenyewe iliifuta, na mwezi wa Mei mwaka huo ikafunga mapatano na Wizara ya Sheria ya Marekani kwamba haitairudisha. Ndiyo maana kijana anasema kila mtu anahama.

MASHARTI YALIYOBAKI

Mlango umefunguliwa, lakini una vizingiti, na kizingiti kikubwa kimo darasani.

Sharti la kwanza ni kuondoka vizuri. Mwanafunzi hana budi awe ametoka katika chuo cha kwanza hali alama zake zinamruhusu kucheza, na asiwe amefukuzwa au kusimamishwa kwa utovu wa nidhamu. Anayeacha kuhudhuria madarasa ya muhula wa mwisho kwa kuwa moyo wake umekwishahama anajifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Sharti la pili ndilo linalowaangusha wengi: maendeleo kuelekea shahada. Anapoingia mwaka wa tatu, mwanafunzi wa Daraja la Kwanza awe amekamilisha asilimia 40 ya masomo ya shahada yake. Mwaka wa nne, asilimia 60. Mwaka wa tano, asilimia 80. Asilimia hizo huhesabiwa kwa shahada ya chuo anachokwenda, si kile anachokiacha. Tutoe mfano. Kijana amesoma miaka miwili na ana krediti 60. Shahada yataka krediti 120, basi yeye amefika nusu na hana wasiwasi. Anahama. Chuo kipya kinapitia masomo yake na kusema kwamba krediti 18 haziingii katika shahada aliyoichagua. Zinabaki 42, ambazo ni asilimia 35. Alihitaji 48. Kijana huyu hatacheza, hata kama kocha anamngoja kwa hamu. Angelijua mapema, angeliweza kusoma masomo mawili ya krediti tatu tatu wakati wa kiangazi na kuziba pengo hilo. Mara nyingi tofauti ya kucheza na kukaa kando ni masomo mawili tu.

Sharti la tatu ni saa. Mwanafunzi wa Daraja la Kwanza amepewa misimu minne ya kucheza ndani ya miaka mitano ya kalenda. Saa hiyo huanza kwenda siku anapojiandikisha kusoma muda wote katika chuo chochote, na kuhama hakuisimamishi. Kijana akiacha masomo mwaka mzima ili afanye kazi awasaidie wazee wake, jambo ambalo kwetu ni la heshima, saa inaendelea kumhesabia. Yaliyotajwa kuwa udhuru ni machache, kama vile utumishi wa jeshi, kazi rasmi ya dini, na uja uzito. Kanuni hii imepelekwa mara nyingi mahakamani, na majaji hawakukubaliana, kwa hiyo mzazi aulize hali ilivyo mwaka ule mtoto anapohama.

Sharti la nne ni wakati. Kila mchezo una siku zake maalumu za kuingiza jina katika daftari. Kwa mpira wa Kimarekani, kwa mfano, mwaka 2026 ziliwekwa siku 15 tu, tarehe 2 hadi 16 Januari. Mwanafunzi akishatoa taarifa kwa maandishi na kumaliza somo fupi la kompyuta linalotakiwa, chuo chake kina siku mbili za kazi kuliingiza jina. Kabla ya jina kuingia, kocha wa chuo kingine haruhusiwi kuzungumza naye, wala kupitia kwa rafiki, wala kwa kocha wa mtaani.

MSAADA WA MASOMO

Hapa tunaomba wazee watusikilize kwa makini. Mwanafunzi akishatoa taarifa ya kuhama, chuo alipo kinaweza kuukatisha msaada wake wa michezo mwishoni mwa muhula huo. Akibadili nia, chuo hakilazimiki kumrudisha katika timu. Kila mwaka wapo walioingiza majina wakidhani watagombewa, na simu haikulia. Maji yakimwagika hayazoleki. Jina lisiingizwe kwa hasira ya kukalishwa benchi michezo miwili.

KOMUNITI KOLEJI

Watoto wetu wengi huanzia katika chuo cha miaka miwili kilicho karibu na nyumbani, na hilo si jambo la kudharau. Abdi Abdirahman, mzaliwa wa Somalia aliyepitia Kenya, alianza katika chuo cha Pima Community College huko Tucson, akahamia University of Arizona, na mwisho akakimbia katika Olimpiki tano, kuanzia 2000 hadi ile ya Tokyo iliyofanyika 2021.

Lakini njia hiyo nayo ina hesabu yake. Aliyetoka sekondari hali ametimiza masharti ya NCAA huhitaji wastani wa alama wa 2.5, na krediti 12 zinazohamishika kwa kila muhula aliosoma muda wote. Ambaye hakutimiza masharti hayo hutakiwa kumaliza kabisa shahada ya miaka miwili, awe na krediti 48 zinazohamishika, zikiwemo za Kiingereza, hisabati na sayansi, pamoja na wastani huohuo. Neno la kushika ni “zinazohamishika”. Madarasa ya kurekebisha Kiingereza, ambayo watoto waliokuja wakubwa huwekwa humo, aghalabu hayahesabiwi.

SHAHADA KWANZA

Njia iliyo salama kuliko zote ni kuhama baada ya kuhitimu. Mfano mwema ni wa dada yetu Bilqis Abdul-Qaadir, binti wa kwanza kucheza mpira wa kikapu wa Daraja la Kwanza hali amevaa hijabu. Alisoma na kucheza University of Memphis. Alipomaliza shahada yake alikuwa amebakiwa na msimu mmoja, akautumia Indiana State akisomea shahada ya juu. Baadaye ndoto yake ya kucheza kwa malipo ilizuiliwa na kanuni ya shirikisho la dunia iliyokataza vifuniko vya kichwa, kanuni iliyoondolewa mwaka 2017. Uwanja ulipomfungia mlango, shahada ilikuwa mkononi mwake.

FEDHA NA VIZA

Tangu Julai 2021 wanamichezo wameruhusiwa kupokea malipo ya matangazo, na tangu Julai 2025, baada ya uamuzi wa mahakama, vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Fedha hizi ndizo zinazowavuta vijana wengi. Lakini mikataba mingine ina kifungu kinachomtaka mchezaji arejeshe fedha akihama kabla ya muda. Isisainiwe bila ya mtu mwenye elimu ya sheria kuisoma. Nasi Waislamu tuna la kuzidisha: tujue fedha yatoka wapi, isije ikawa ni tangazo la pombe au la kamari.

Kijana aliye hapa kwa viza ya mwanafunzi ana tahadhari mbili zaidi. Uhamisho wake lazima pia upitie ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya vyuo vyote viwili, ili kumbukumbu zake serikalini zihamishwe. Na kupokea malipo kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kazi isiyo na kibali. Amwone wakili wa uhamiaji kabla ya kupokea hata dola moja.

MASWALI YA KUULIZA

Kuuliza si ujinga. Kila chuo kina afisa wa kanuni za michezo ambaye kazi yake ni kujibu maswali haya, na majibu yafaa yaombwe kwa maandishi:

1. Krediti ngapi za mtoto wetu zitaingia katika shahada aliyoichagua, na ni asilimia ngapi?
2. Amebakiwa na misimu mingapi, na saa yake inakwisha lini?
3. Msaada ni wa mwaka mmoja au hadi ahitimu? Akiumia je?
4. Kocha akiondoka, ahadi zinabaki?
5. Kuna pahala pa kusali na chakula cha halali? Mwezi wa Ramadhani mazoezi hupangwaje?

Swali la tano wazee wengine huona haya kuliuliza. Wasione haya. Chuo kinachomtaka mtoto kwa dhati kitalijibu kwa adabu, na kinachobabaika kimekwishatoa jibu.

Kwa vijana wetu tunasema: msiwafiche wazee mpaka jina limekwishaingia. Na kwa wazee tunasema: msikatae kabla ya kusikiliza, kwani pengine mtoto ana sababu ya haki, kama kudharauliwa kwa dini yake au somo alitakalo kutokuwepo. Kaeni, shaurianeni, msali istikhara, kisha mfanye hesabu ya krediti kwa kalamu na karatasi.

Mwenyezi Mungu awaongoze watoto wetu katika lenye kheri nao duniani na akhera. Amin.