Je, Wajua? Pacha Wasioelewana

Mwaka 2017 Intel ilitoa prosesa zenye migusano 1,151, idadi ileile ya soketi yake ya mwaka 2015. Prosesa mpya inakaa vizuri kwenye soketi ya zamani. Lakini kompyuta haiwaki! Baadhi ya pini zilizokuwa hazina kazi sasa zinapitisha umeme.

Pini nyingi hazibebi data. Ni za umeme na ardhi tu. Ndiyo maana pini moja ya ardhi ikikatika, pengine mashine huwaka kama kawaida. Pini ya RAM ikipinda, nusu ya RAM inaweza kupotea, na fundi akahangaika bure na RAM isiyo na kasoro.

Unapoweka prosesa, pembetatu ndogo kwenye kona yake hulingana na alama ya soketi. Usilazimishe kamwe.

Prosesa za AMD za soketi ya AM4 zina pini 1,331 tumboni mwake. Pini imepinda? Chukua penseli ya kubofya, toa risasi. Ivishe pini ile ncha tupu. Inua taratibu, kidogo kidogo, hadi isimame sawa na wenzake. Kwenye AM5 ya mwaka 2022, pini zimehamia kwenye soketi.