Rupia ya Mjerumani inang'aa kama mpya? Subiri kwanza, usitoe hela



Siku hizi sarafu za zamani zinatembea sana mtandaoni: rupia za Mjerumani, pesa za shaba, shilingi za Afrika Mashariki zenye simba. Shida ni hii: mtu anapata rupia kijijini, anaisugua kwa majivu na ndimu mpaka iwake, anapiga picha na kupandisha bei. Mteja anayejua sarafu anaiona pichani na kupita kimya. Asiyejua analipa, akija kuambiwa ukweli anakurudishia mzigo, na jina lako limeshachafuka.

Elewa jambo moja: mkusanyaji hanunui mng'ao. Ananunua uso wa sarafu kama ulivyotoka kiwandani na kuzeeka wenyewe. Ukisugua unaondoa madini ya juu, na hayarudi tena. Ndiyo maana sarafu nyeusi isiyoguswa mara nyingi inaizidi bei ile inayomeremeta.

Kwa hiyo unaponunua, kagua. Unahitaji tochi ya simu, lenzi ya kukuzia, sumaku, na mizani ndogo ya sonara.

1. Linganisha kuchakaa na kung'aa
Rupia ya fedha ina picha ya Kaisari Wilhelm II amevaa kofia ya chuma yenye tai juu. Kama tai na masharubu vimelika lakini sarafu nzima inang'aa, imesafishwa. Sarafu iliyopita mikononi mwa watu miaka mingi huchakaa na kufifia kwa pamoja. Haiwezi kuzeeka sura halafu ngozi ibaki ya mtoto.

2. Igeuze geuze chini ya taa moja
Sarafu ambayo haijatumika sana ina mwanga unaozunguka kama miti ya gurudumu unapoiinamisha. Iliyosuguliwa inaonyesha mikwaruzo myembamba kama nywele, mingi ikielekea upande mmoja. Iliyotumbukizwa kwenye asidi haina mikwaruzo, ila inakuwa nyeupe iliyopooza, haina uhai.

3. Angalia kwenye kona za herufi
Msuguaji hafiki kila mahali. Ukiona sehemu bapa ni nyeupe safi, lakini katikati ya herufi na pembeni ya picha kumebaki uchafu mweusi, jibu unalo.

4. Shaba iangalie rangi
Pesa za kampuni ya Wajerumani za 1890 hadi 1892, zenye maandishi ya Kiarabu, ni za shaba. Shaba ikizeeka inakuwa kahawia. Ikioshwa kwa ndimu au ukwaju inakuwa na rangi ya pinki au chungwa, halafu baada ya muda inapata mabaka. Shaba ya zaidi ya miaka 100 iliyochakaa haiwi na rangi ya waya mpya wa umeme.

5. Tafuta tundu lililozibwa
Rupia nyingi zilivaliwa kama vidani. Angalia ukingo wa juu, karibu na kichwa cha picha. Alama ya lehemu, kibonyeo, au kiduara chenye rangi tofauti maana yake ilitobolewa au ilifungwa kikuku. Herufi zilizo hapo zikionekana zimechongwa kwa mkono, tundu limezibwa.

6. Kagua mwaka na herufi ya kiwanda
Sarafu za serikali ya Kijerumani, kuanzia 1904, zina herufi ndogo: A ni Berlin, J ni Hamburg. Kuna mwaka au herufi inayoongeza bei, na hapo ndipo wajanja wanapochonga. Kwa lenzi, tarakimu zote zifanane kwa unene na kuchakaa. Ukiona mstari kuzunguka herufi, au sehemu imekwaruzwa pembeni ya tarakimu moja tu, iache.

7. Pima
Rupia 1 ya fedha ina gramu 11.66. Iliyochakaa hupungua kidogo, lakini ikisoma 9 au 13, rudisha. Sumaku isiivute. Ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916, ina herufi T na uzito wa gramu 7.17 hivi. Kopi zake ni nyingi, nyingine zimepakwa dhahabu tu, kwa hiyo usiilipie bila sonara kuipima. Zungusha na ukingo: mstari wa kiungio au vitundu vya mapovu ni dalili ya kumiminwa kwenye kalibu. Sarafu halisi hugongwa kwa mashine.

Na ukiambiwa rupia "inavuta mchele" au "inavuta wembe", usibishane. Ondoka na hela yako mfukoni.

Je, ukikuta imesafishwa, usinunue? Unaweza kununua, ila kwa bei ya sarafu iliyosafishwa, na uuze hivyo hivyo. Usiisugue tena "kuirekebisha", wala usiipake mafuta au rangi ya viatu ili ionekane ya kale. Ishike kwa ukingo, iweke kwenye kifuko chake peke yake. Piga picha pande zote mbili na ukingo, mwanga wa mchana, bila filta.

Kisha andika tangazo la kweli, mfano:

"Rupia 1, Deutsch Ostafrika, 1910 J. Uzito gramu 11.58. Imewahi kusafishwa, ina mikwaruzo midogo upande wa picha. Haina tundu wala lehemu."

Tangazo kama hili litawafukuza wachache. Lakini anayenunua baada ya kulisoma hana cha kukurudishia, na wakusanyaji wanajuana: ukimuuzia mmoja kwa ukweli, atakuletea mwenzake.

Mtumie posti hii rafiki yako anayeuza sarafu, kabla hajachukua ndimu.