Ziwa Tanganyika likipanda milimita mbili kwa siku, maji yanafika nyumbani lini?

Kila mwaka mvua zikikaza, wakaaji wa kando ya Ziwa Tanganyika huanza kuangalia jambo moja asubuhi wanapoamka: maji yamefika wapi leo? Mwaka 2024 ziwa lilipanda kuliko kawaida. Kalemie, Uvira na ng'ambo ya Burundi, maji yaliingia katika nyumba na barabara za mitaa ya pwani, na familia nyingi zikalazimika kuhama.

Swali la mwenye nyumba wakati ule lilikuwa fupi: nimebakiza siku ngapi? Wengi walikadiria kwa macho, wakakosea. Lakini swali hilo lina hesabu yake, na hesabu hiyo inategemea somo la derive. Kwa Kifaransa wanaiita “taux liés”, maana yake kasi zinazofungamana. Mwanafunzi huikutana nayo katika mfano wa ngazi inayoteleza ukutani, anaikariri, na baada ya mtihani anaisahau. Ni hasara, maana ziwa liko mlangoni.

Vitu viwili vilivyofungwa pamoja

Wazo lenyewe si gumu. Vitu viwili vinabadilika kwa wakati mmoja, na kuna usawa unaovifunga. Ukijua kimoja kinabadilika kwa kasi gani, unaweza kupata kasi ya kingine bila kwenda kuipima.

Mazoezi ya aina hii ni ya zamani. Mwaka 1836, mwalimu mmoja wa London, William Ritchie, alitoa kitabu cha hesabu chenye mifano kama huu: upande wa mraba unaongezeka futi 3 kwa sekunde, eneo lake linaongezeka kwa kasi gani upande unapofika futi 10? Eneo ni upande mara upande. Derive yake ni mara mbili ya upande, kuzidisha kasi ya upande: 2 × 10 × 3, yaani futi za mraba 60 kwa sekunde. Upande ukifika futi 20, jibu linakuwa 120. Upande haujaongeza mwendo hata kidogo, lakini eneo linakimbia mara mbili zaidi. Hapo ndipo macho ya mtu hudanganyika.

Tuchukue tanki la maji. Robine inaingiza lita 20 kwa dakika, bila kubadilika. Kama tanki ni la mviringo na limesimama wima, lenye mita 1 kutoka katikati hadi ukingoni, maji yanapanda milimita 6,4 hivi kila dakika, mwanzo hadi mwisho. Hakuna la kushangaza.

Sasa weka tanki la umbo la koni, ncha chini, lenye urefu wa mita 2 na upana uleule juu. Robine ni ileile. Maji yakiwa na kina cha nusu mita, yanapanda sentimita 10 kwa dakika. Yakifika mita 1, yanapanda sentimita 2,5 tu. Karibu na ukingo, hayafiki hata sentimita 1. Aliyetazama mwanzoni angesema tanki litajaa sasa hivi, akasimama na ndoo yake akingoja. Sababu ni moja: kasi ya kupanda ni maji yanayoingia kwa dakika, kugawanya kwa eneo la uso wa maji kwa saa ile. Uso ukipanuka, maji yanapanda polepole.

Kosa ambalo wanafunzi hulifanya mara nyingi linatokea hapahapa. Swali linasema “wakati kina ni mita 1”, na mwanafunzi anaharakisha kuweka 1 mahali pa kina kabla ya kutafuta derive. Akishafanya hivyo, kina kimekuwa namba isiyobadilika, na derive ya namba isiyobadilika ni sifuri. Maji yanaingia, lakini katika daftari lake hayapandi! Utaratibu ni huu: kwanza usawa, kisha derive kwa kufuata wakati, na namba za dakika ile ziwekwe mwisho kabisa.

Na ile ngazi? Ina urefu wa mita 5, na mguu wake unavutwa nusu mita kwa sekunde. Mguu ukiwa mita 3 kutoka ukutani, ncha ya juu inashuka sentimita 37,5 kwa sekunde. Mguu ukifika mita 4, ncha inashuka karibu sentimita 67. Ukiendelea na usawa huo hadi ngazi ilale chini, unaambiwa ncha inafika kwa kasi isiyo na mwisho, jambo lisilowezekana. Ngazi ya kweli huachana na ukuta kabla ya hapo. Ni zoezi zuri la kujifunza njia, lakini ni nani aliyewahi kupoteza nyumba kwa sababu ya ngazi?

Tanki la kilomita za mraba 32.900

Turudi ziwani. Uso wa Ziwa Tanganyika una takriban kilomita za mraba 32.900, unaogawanywa kati ya Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Hesabu ya tanki inafanya kazi vilevile, namba tu zinakuwa kubwa. Ili ziwa lipande milimita 1, linahitaji kuongezewa karibu mita za ujazo milioni 33. Likipanda sentimita 1 kwa siku moja, maana yake maji yaliyoingia yamezidi yaliyotoka kwa zaidi ya mita za ujazo 3.800 kila sekunde, mchana na usiku.

Neno la kushika hapo ni “yamezidi”. Ziwa ni tanki lenye robine nyingi na tundu. Yanaingia maji ya mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, ya Ruzizi inayotoka Kivu, ya Malagarasi upande wa Tanzania, na ya mito midogo isiyohesabika. Sehemu kubwa ya yanayotoka inapanda hewani kwa jua na upepo. Mto wa kuyatoa ni mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie, unaoyapeleka hadi mto Kongo.

Tundu hilo lina historia. Stanley alipofika Lukuga mwaka 1876, aliukuta mlango umezibwa na matope na majani. Mwishoni mwa 1879, Joseph Thomson alikuta maji yakitoka kwa nguvu, na ziwa likashuka kwa mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo anayesoma kipimo cha ziwa bila kufikiria Lukuga anasoma nusu ya hesabu. Lukuga nayo haitoi kiasi kilekile siku zote: ziwa likipanda, inatoa zaidi.

Kasi ya kupanda, kasi ya kuingia

Hata hivyo, mwenye nyumba hasumbuliwi na mita za ujazo. Anataka kujua ukingo wa maji unasogea kiasi gani kuja kwake, na hiyo ni kasi nyingine kabisa. Zote mbili zinafungwa na mteremko wa ardhi.

Tuseme ziwa linapanda milimita 2 kwa siku. Ni unene wa kadi chache za kuchezea; hakuna anayeuona kwa macho. Mahali ambapo ardhi inainuka mita 1 kila baada ya mita 10, ukingo wa maji unasogea sentimita 2 kwa siku. Mahali ambapo inainuka mita 1 kila baada ya mita 100, unasogea sentimita 20 kwa siku. Ziwa ni lile lile na siku ni ileile, lakini jirani mmoja anafua nguo bila wasiwasi huku mwingine akihesabu hatua. Ndiyo maana chini ya milima inayoshuka moja kwa moja majini, ziwa linaweza kupanda nusu mita bila mtu kuhama, wakati uwanda wa Ruzizi, ulio tambarare hadi Gatumba ng'ambo ya mpaka, unafunikwa mbali sana.

Mtego mkubwa uko katika kiwanja kisicho na mteremko mmoja. Chukua nyumba iliyo mita 15 kutoka majini. Mita 5 za kwanza, ardhi inainuka mita 1 kwa mita 50. Mita 10 zinazobaki ni tambarare zaidi: mita 1 kwa mita 200. Baba mwenye nyumba anapima wiki nzima na kukuta maji yanasogea sentimita 10 kwa siku. Anagawanya, anapata siku 150, na anajiambia kwamba kabla ya hapo mvua zitakuwa zimekwisha na ziwa limeanza kushuka. Lakini baada ya siku 50 maji yanafika kwenye tambarare, na kuanzia hapo yanasogea sentimita 40 kwa siku. Mita 10 zilizobaki yanazimaliza kwa siku 25. Jumla ni siku 75, nusu ya alizotegemea. Ziwa halikuongeza kasi hata milimita moja. Kipimo chake hakikuwa na kosa pia, ila kilikuwa kipimo cha mahali pale na siku zile tu, na yeye akakifanya kuwa cha kiwanja kizima.

Katika maneno ya darasani, aliweka namba kabla ya kutafuta derive.

Kuna kinga, na haihitaji kompyuta. Mafundi wa kujenga wana mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ambao hutumia kusawazisha msingi. Ncha moja ikishikwa kwenye mti uliochomekwa ukingoni mwa ziwa, nyingine inabebwa kuelekea nyumbani, na kila baada ya mita 5 tofauti ya kimo inaandikwa kwenye karatasi. Kazi hiyo inachukua saa chache, na inafaa kufanywa wakati wa kiangazi, ziwa likiwa limeshuka. Mvua zikirudi, kinachobaki ni mti mmoja wenye alama za sentimita ndani ya maji, mahali pasipopigwa na mawimbi, na mtoto wa mwaka wa sita wa kuusoma kila Jumapili. Milimita zilizoongezeka kwa wiki anazigawanya kwa mteremko wa sehemu ambayo maji yamefika, kisha wa sehemu inayofuata, hadi mlangoni.