Nani Anaishika Mikono ya Musa?



Sura ya 17 ya Kitabu cha Kutoka inatusimulia vita kati ya Waisraeli na Waamaleki. Yoshua yuko bondeni na wapiganaji, Musa yuko juu ya kilima. Musa anapoinua mikono, Israeli wanapata nguvu. Anapoishusha, Waamaleki wanashinda. Lakini Musa ni mtu, na mikono ya mtu huchoka. Ndipo Haruni na Huri wakamletea jiwe akalikalia, wakasimama mmoja upande huu na mwingine upande ule, wakamshikilia mikono mpaka jua likazama.

Musa tunamkumbuka, na Yoshua tunamkumbuka. Haruni na Huri huwa tunawapita haraka. Leo napenda tuwatafakari hao wawili, na nitawapitisha mahali ambapo pengine hamkutegemea padri awapeleke: kwa watu wanaoandika programu za kompyuta na kuzitoa bure.

Programu na nota za kwaya

Wanakwaya watanielewa upesi. Mtunzi anaweza kukuuzia wimbo uliokwisha kurekodiwa. Utausikiliza na kuufurahia, lakini huwezi kubadili kitu ndani yake. Mtunzi mwingine anakupa nota zenyewe. Kwaya yako itajifunza wimbo, mwalimu akiona besi imekaa vibaya atairekebisha, na kama ni muungwana atamrudishia mtunzi masahihisho ili kwaya nyingine nazo zifaidike. Watunzi wetu wengi wamezoea kugawa nota namna hiyo, na ndiyo maana wimbo uliotungwa Songea huweza kuimbwa Bukoba baada ya muda mfupi tu.

Programu za kompyuta nazo zina nota zake. Ni maandishi ambayo mtaalamu huyaandika ili kuiambia mashine ifanye nini. Kampuni nyingi huyaficha na kuuza kazi iliyokamilika. Wapo wengine wanaoyaweka wazi ili kila mtu ayasome, ayatumie, ayarekebishe na kuyagawa. Hizo ndizo huitwa programu huria.

Mwezi Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anaandika mfumo wa kuendesha kompyuta kwa kujifurahisha tu, akaomba maoni ya watu. Mfumo huo ukaitwa Linux. Tangu wakati huo maelfu ya watu wameuongezea jasho lao. Leo simu za Android zimejengwa juu yake, na kompyuta nyingi zinazoendesha intaneti zinautumia. Ukimtumia mtu ujumbe wa rambirambi kwa simu, kuna kazi ya mikono usiyoijua ndani yake, na mingi kati ya mikono hiyo haikulipwa.

Hata hapa kwetu mbegu hii imeota. Mwishoni mwa mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu programu ya asili ilikuwa huria. Hapakuwa na haja ya kumpigia mtu magoti apate kutoa ruhusa. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria jijini Dar es Salaam. Wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa walipita vichochoroni wakiandika barabara, nyumba na mifereji, hasa katika kata zinazokumbwa na mafuriko, na kazi yao wakaiweka kwenye ramani ya OpenStreetMap ambayo kila mtu anaweza kuitumia bure. Mkoani Mara, watu wa kujitolea walio mbali huchora barabara na makazi kwa kuangalia picha za satelaiti, na wenyeji huongeza majina ya vijiji. Ramani hizo zimewasaidia wanaowaokoa wasichana wanaokimbia ukeketaji. Binti anapopiga simu usiku akisema yuko kijiji fulani, ni lazima kwanza mtu ajue kijiji hicho kiko wapi.

Kanisa haliwezi kuona mambo haya kuwa mageni. Bwana wetu aliwaambia mitume kwamba walichokipokea bila malipo wakitoe bila malipo. Papa Benedikto XVI, katika waraka wake Caritas in Veritate wa mwaka 2009, alifundisha kwamba hata uchumi unahitaji nafasi ya kutoa bure, na alizionya nchi tajiri zinazoyalinda maarifa kupita kiasi, hasa katika mambo ya afya. Na sasa vijana wetu wanaye mwombezi: Mtakatifu Carlo Acutis, aliyezaliwa London mwezi Mei 1991, miezi michache tu kabla ya tangazo la Torvalds. Aliutumia ujuzi wake wa kompyuta kwa ajili ya parokia yake mjini Milano, akakusanya katika tovuti habari za miujiza ya Ekaristi. Alifariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025.

Kama ningeishia hapa, mngesema Amina na kwenda nyumbani. Lakini kuna upande mwingine.

Ijumaa Kuu ya mwaka 2024

Iko programu ndogo iitwayo XZ. Kazi yake ni kubana mafaili ili yachukue nafasi ndogo. Haina umaarufu wowote, lakini imo katika kompyuta nyingi mno zinazotumia Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa hasa na mtu mmoja, kwa kujitolea. Mwaka 2022 watu walianza kumwandikia wakilalamika: mbona masahihisho yanachelewa, mbona hamwachii mwingine? Aliwajibu kwamba kwa muda mrefu amekuwa na matatizo ya afya ya akili, akawakumbusha kuwa kazi ile haina malipo. Malalamiko yakaendelea.

Wakati huohuo palikuwa na msaidizi, aliyejitambulisha kwa jina la Jia Tan. Alikuwa mchapakazi na hakuwa na haraka. Kwa zaidi ya miaka miwili alifanya kazi nzuri, akaaminiwa, akakabidhiwa funguo. Mapema mwaka 2024 aliingiza kwa siri mlango wa nyuma ndani ya programu ile, ili mwenye ufunguo wake aweze kuingia katika kompyuta za watu bila kupiga hodi. Wachunguzi wengi wanaamini kwamba hata baadhi ya wale waliokuwa wakilalamika walikuwa katika njama hiyo.

Aliyeigundua njama ni mhandisi Andres Freund, akiwa katika shughuli nyingine kabisa. Aliona kwamba kuingia kwenye kompyuta yake kunachelewa kwa karibu nusu sekunde kuliko kawaida. Nusu sekunde! Wengi wetu tungesema ni mtandao, tukaendelea na mambo yetu. Yeye alifuatilia mpaka akafika kwenye mzizi, na tarehe 29 Machi 2024 akatoa taarifa hadharani. Ilikuwa Ijumaa Kuu. Siku ambayo sisi tulijipanga kuubusu Msalaba, mtu mmoja mwangalifu aliwaepusha wengi na hatari ambayo hawakujua kama ipo. Kwa bahati njema, toleo lile lenye sumu lilikuwa bado halijasambaa sana.

Tunaweza kujifunza kwake uaminifu katika jambo dogo, na tunaweza kujifunza kwamba mbwa mwitu hata leo huja wamevaa ngozi ya kondoo. Lakini mimi nasumbuliwa zaidi na yule mtunzaji. Mbwa mwitu hakuvunja ukuta. Alipitia uchovu wa mtu aliyeachwa peke yake. Ulimwengu mzima ulikula mezani kwake, na wengi waliomkumbuka walimkumbuka kwa kulalamika. Hapakuwa na Haruni wala Huri. Aliyejitokeza kumshika mkono alikuwa na kisu katika mkono mwingine.

Swali la basi

Watu wa programu wana swali lao la kupima kazi, swali kali kidogo. Huulizana: ni watu wangapi wakigongwa na basi leo, kazi hii itasimama? Jibu likiwa ni mmoja, kazi iko hatarini, hata kama inaonekana kuchanua.

Ndugu zangu, tulipeleke swali hilo parokiani. Ni nani anayejua kupiga kinanda? Mmoja. Ni nani mwenye nywila ya kompyuta ya ofisi yenye daftari la ubatizo? Mmoja. Ni nani anayefundisha Komunyo ya Kwanza, kuzika, kutembelea wagonjwa, na kuongoza ibada kigangoni padri asipofika? Katekista, huyohuyo mmoja, kwa posho ambayo wakati mwingine haitoshi hata nauli. Siku akichelewa tunanung'unika. Siku akichoka tunasema amepoa kiimani. Na siku akitokea mtu mwenye maneno matamu na nia mbaya, tunamkabidhi funguo kwa haraka, kwa kuwa hatukuwahi kujiandaa kumsaidia yule wa kwanza.

Hapa inafaa niseme jambo wazi. Kutoa bure ni fadhila ya anayetoa. Si kisingizio cha anayepokea. Bwana aliyewaambia mitume watoe bila malipo ndiye aliyesema pia kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake, na maneno hayo mawili hayapigani. Kampuni inayopata faida kubwa kutokana na programu ya mtu wa kujitolea ina deni la haki, na zipo zilizolitambua hilo. Wengi wanaoandika Linux siku hizi wanalipwa kwa kazi hiyo. Vivyo hivyo, parokia inayojenga ukumbi wa mamilioni huku katekista wake akikopa unga dukani inapaswa kujihoji mbele ya Mungu.

Katika sura inayofuata ya Kutoka, Yethro, mkwe wa Musa, anamkuta Musa akiamua mashauri ya watu peke yake tangu asubuhi hadi jioni. Mzee yule hakumsifu kwa bidii yake. Alimwambia kwamba jambo hilo si jema, kwamba atajichosha yeye na kuwachosha watu, na akamshauri achague wasaidizi wanaomcha Mungu, wakweli, wanaochukia rushwa. Tazameni hekima yake: wasaidizi wawepo, na wachaguliwe kwa kupimwa. Upendo haukatazi kukagua kazi. Katika jumuiya nzuri za programu huria, hata kazi ya rafiki husomwa na macho mengine kabla ya kupokelewa, na hakuna anayeona ametukanwa.

Tufanye nini basi? Vijana wa VIWAWA na TYCS mnaojua kompyuta, msingoje mpaka muwe mabingwa. Programu huria zinahitaji wa kutafsiri kwa Kiswahili, wa kujaribu na kueleza kasoro, wa kuandika maelekezo, wa kuchora kijiji chao kwenye ramani. Ni kweli utajifunza na huenda ukapata ajira kwa njia hiyo, na hilo si dhambi. Mtume Paulo naye alikuwa na ufundi wake wa kushona mahema.

Wazazi, mkimwona kijana yuko kwenye kompyuta usiku, kabla ya kufoka muulizeni anafanya nini na kwa ajili ya nani. Viongozi wa halmashauri za parokia, kila huduma iwe na mtu wa pili anayejifunza, na kila anayejitolea awe na siku ya kupumzika bila kuona aibu.

Na sisi wengine wote, ambao huenda hatujui nota wala kompyuta, tunaweza kusogeza jiwe mtu akakaa. Wiki hii mtafute mmoja anayekuhudumia bila malipo: mwalimu wa kwaya, mama anayefua nguo za altare, kijana anayeshughulikia vipaza sauti. Mshukuru kwa jina lake. Kisha muulize, "Nikusaidie wapi?" Akikwambia, usiahirishe.

Jua bado halijazama, na mikono ya wengi inatetemeka. Mungu atujalie kuiona. Nawatakia Jumapili njema.